Watoto Waliolala Mianzini

Nesi Eusebia aliita majina asubuhi ile kama alivyoyaita kila asubuhi, kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba wenye majina wako uani wanapiga soga na wataingia sasa hivi. Uani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na ukungu tu, ule ukungu wa jiji la Ikonya unaoshuka milimani mwezi wa sita na kukaa mpaka mchana bila kualikwa. Ndani, benchi za zahanati ya watoto ya Mianzini zilikuwa zimepangwa vizuri na kufutwa vumbi, na hakuna aliyezikalia.

"Tupokigwe, kaya ya Mwaipopo," aliita. Akasubiri kidogo, kwa adabu, kama vile anampa mama nafasi ya kumfungua mtoto mgongoni. Kisha akagusa kioo cha orodha pale mezani na kuendelea. "Gwamaka, kaya ya Andongwile."

Ikupa alikuwa amesimama karibu na mlango, koti lake la kazi limelowa mabegani. Alikuwa mhakiki wa kaya, mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kuthibitisha kwamba jiji linawajua wakazi wake. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo alitafuta kila kisingizio cha kutokanyaga zahanati hii. Leo visingizio vilikuwa vimemwishia.

"Lusajo, kaya ya Ikupa."

 Nesi hakuinua macho. Alisubiri muda uleule aliowasubiri wengine, akagusa kioo, akaita jina lililofuata.

Lusajo alikuwa binti yake Ikupa. Alikufa kwa kichomi akiwa na miaka minne. Angekuwa hai, sasa angekuwa anamaliza shule ya msingi, anamjibu mama yake kwa kiburi na kuficha viatu vichafu uvunguni mwa kitanda.

"Mwagonile, Mama Lusajo," nesi alisema alipomaliza majina. Ndivyo watu wa Mianzini wanavyosalimiana tangu enzi za babu zao: asubuhi wanaulizana kama wamelala salama. Ikupa akaitikia. "Umetumwa na jiji, au umekuja kunisalimia tu?"

"Nimetumwa. Wanataka kujua zahanati ya pili ijengwe wapi."

"Nao wanasema wapi?"

"Wanasema ijengwe hapahapa, jirani na hii. Mianzini ndiyo kata yenye watoto wadogo wengi kuliko zote."

Nesi Eusebia alitazama benchi zake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi kwa kawaida, lakini siku hiyo ucheshi haukutoka. Na kabla hajasema kitu, mtu alikohoa.

Kikohozi chenyewe kilikuwa kidogo na kikavu, na kilitoka nyuma ya benchi ya mwisho. Ikupa alishtuka, maana hakukumbuka lini mara ya mwisho kusikia mtoto akikohoa katika kata hii. Akasogea. Msichana mmoja, mama kijana wa miaka ishirini hivi, alikuwa ameketi sakafuni akiegemea ukuta, amempakata mtoto wa kiume aliyefunikwa kitenge. Mbavu za mtoto ziliingia ndani kila alipovuta pumzi.

"Ni wa Mtakuja," nesi alisema taratibu. "Anaitwa Nkwimba, na huyo ni Masele. Amepanda mlima na mvua tangu alfajiri."

Mtakuja ni mabonde yale ya chini ya jiji, walikohamia watu wa nyika baada ya mito yao kukauka. Huko watu wanalala sita chumba kimoja, na watoto ni wa kujikwaa nao.

"Mbona hujampa hewa?" Ikupa aliuliza.

"Nimempaka mafuta ya mkaratusi kifuani, kama bibi yangu alivyokuwa akitufanya. Hilo ndilo lililobaki mikononi mwangu. Kabati la dawa na mashine ya hewa havifunguki kwa mkono wangu, Mama Lusajo. Vinafunguka kwa jina la mtoto aliyesajiliwa, na nafasi za kituo hiki zimejaa. Nilijaribu kumpa jina la mtoto mwingine. Mashine ikasikiliza kifua chake, ikasema huyu siye."

"Hospitali kubwa?"

"Barabara imemezwa na maporomoko. Wanasema labda kesho." Akashusha sauti zaidi. "Nimemweka foleni, yeye ndiye wa kwanza. Likitoka jina moja tu, ataingia. Ila wewe mtazame hiyo kesho kama ataifikia."

Nkwimba alikuwa amesikia yote. Aliinua uso, akamtazama Ikupa na koti lake la jiji. "Mama, nimeambiwa nafasi zimejaa," alisema. "Nimekaa hapa, nimeangalia benchi moja moja. Hao watoto wako wapi?"

Ikupa alijua walipo. Alimwambia msichana asubiri, na akatoka nje haraka kabla swali halijarudiwa.

*

Kila mtu Mianzini alijua walipo. Zamani, jiji lilipohesabu watu, makarani walibisha hodi na swali moja lililomaliza ubishi wote: nani alilala katika kaya hii usiku wa kuamkia siku ya sensa? Hawakutaka kujua nani unamsomesha, wala nani atarudi Krismasi. Aliyelala ndiye aliyehesabiwa. Jiji lilipochoka na makarani, likaweka sikio katika kila nyumba, kidude cheupe juu ya mlango wa chumba, na mafundi wakalifundisha swali lilelile. Sikio likajifunza kumjua kila mtu kwa pumzi yake na kumkadiria umri wake, na kila kulipokucha likapeleka hesabu mjini. Kwa hesabu hiyo yakagawanywa maji, walimu na dawa. Vibanda vya Mtakuja havikuwekewa masikio, kwa hiyo watu wake, pamoja na kubanana kote kule, kwa jiji hawakuwa wamelala popote.

Baadaye vijana wa Mianzini wakaanza kuondoka, na watoto wakawa wa nadra. Nyumba zikanyamaza, na wazazi wakakosa usingizi kwa ajili ya ukimya. Ndipo mtu mmoja mwenye huruma, hakuna anayemkumbuka jina, akaona kwamba sikio lina akiba ya pumzi zote lilizowahi kuzisikia. Kwa nini lisizirudishe? Basi mama aliyekuwa anajigeuzageuza kitandani angeliomba tu, na chumba cha pili angelala kichanga chake cha miaka mingi iliyopita, kinakoroma kidogo, kinalambalamba midomo. Watu walilia kwa furaha. Asubuhi sikio, ambalo hakuna aliyelifundisha kuitambua sauti yake lenyewe, likasikia pumzi na kuhesabu: mtoto amelala. Likawa kama mtu anayejibishia hodi na kujikaribisha ndani.

Ikupa aliwahi kuichora kata yake kwa umri, kama kazi ilivyomtaka. Chini kabisa walikuwa watoto wachanga kwa wingi wa kutisha. Juu yao hapakuwa na kitu, hata mmoja wa kwenda darasa la kwanza, na mwalimu wa darasa hilo alikuwa amekwisha kuligeuza ghala la viazi. Kisha juu kabisa wakaja wazee. Mwaka uliofuata akachora tena, na watoto walikuwa walewale, hawajaongezeka hata mwezi mmoja. Aliitazama picha ile, akaikunja, akaenda kunywa chai. Hakumwambia mtu.

Kuwaondoa haikuwa kazi ya ofisi. Kulikuwa na sheria, na sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Iliwekwa baada ya wakubwa kuzoea kuwafuta maskini katika hesabu ili wachukue viwanja vyao. Ikasema kwamba hakuna atakayeondolewa katika kaya yoyote mpaka mkuu wa kaya asimame ndani ya nyumba yake na kutamka kwa mdomo wake kwamba fulani hakulala humu. Mhakiki angeweza kumwomba. Kumlazimisha hapana.

Jina moja, basi. Ikupa alijiambia hivyo akishuka njia ya mianzi. Katika kata nzima atakosekana mtu mmoja wa kumpa jina moja?

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nyumba alizisikia kabla ya kuziona. Wazazi wengi hawakuzima masikio hata mchana. Kutoka dirisha la kushoto ilikuja pumzi nyepesi ya kichanga, na kutoka la kulia nyingine yenye mafua, halafu nyingine, mpaka njia yote ikawa inapumua pande mbili na yeye katikati. Alikuwa amepita hapo mara zisizo na idadi, lakini leo mwili ulimsisimka. Alijikuta anakanyaga kwa vidole, asije akawaamsha.

Mama wa nyumba ya kwanza alimsikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akafunga mlango taratibu sana. Nyumba ya pili walimsikia na hawakufungua. Ya tatu ilikuwa ya Mzee Andongwile, bwana misitu mstaafu, na mkewe Mama Gwamaka, ambaye alimkaribisha jikoni na kuendelea kumenya viazi.

"Gwamaka wako ni mzima, baba," Ikupa alianza, akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. "Yuko Muscat, anaendesha mitambo. Ukisema hakulala humu hutakuwa umesema uongo wala hutakuwa umempoteza."

"Huyo wa Muscat juzi katuma picha, ana kitambi," Mzee Andongwile alisema. "Huyo simhofii. Akitaka atarudi, asipotaka atazeeka hukohuko." Akaelekeza kidevu kwenye chumba cha pili, ambako mtoto mdogo alikuwa anapumua kwa mdomo. "Yule aliyekuwa hasinzii mpaka ashike sikio langu, yule je? Yeye nchi gani amekwenda? Nionyeshe, nimfuate."

"Kuna mtoto anakufa zahanati, baba. Sasa hivi, tunavyoongea."

Kisu cha Mama Gwamaka kilisimama. Mzee alipofungua mdomo hakuwa na hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Wewe umehakiki nyumba hii miaka mingapi? Unaingia, unasikia mtoto, unasema kaya ya watu watatu, unashukuru kwa chai, unakwenda zako. Sijawahi kukulaumu. Leo ndiyo umejua kuhesabu?"

"Leo nimemwona mtoto."

"Vizuri. Umeanzia nyumba ya nani?"

"Nimepita kwa Mama Tupokigwe, na kwa..."

"Nyumba yako umepita saa ngapi?"

Ikupa aliangalia chai yake.  Mama Gwamaka alisema, "Mzee, mwache mtoto wa watu," na mzee akasema hamfukuzi, anamuuliza tu.

*

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, pale mianzi inapokwisha. Aliingia bila kuvua koti, akapita sebuleni, akasimama katika mlango wa chumba kidogo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya mlango, sikio lilikuwa linampumulia Lusajo.

Ilikuwa pumzi ya usiku mmoja wa kabla ya ugonjwa, na Ikupa aliijua kuliko alivyojua jambo lolote duniani. Kulikuwa na mluzi mdogo puani. Kulikuwa na kituo, kisha mguno, kisha mtoto akageuka na shuka likasugua ukuta. Baadaye kidogo angesaga meno. Kisha mluzi tena. Anyisile, mumewe, alivumilia mwaka mmoja, akasema hawezi kuishi na mtoto anayepumua lakini hakui, akahama. Ikupa alimchukia kwa hilo. Tangu siku ile usiku wote alikuwa anakaa sakafuni kando ya kitanda, macho makavu, anasikiliza asije akapitwa na kitu. Usingizi wenyewe aliupata ofisini baada ya chakula, kichwa mezani, na wenzake walikwisha kumzoea.

Alitaka kusikiliza kidogo tu, mara ya mwisho. Akasikiliza mpaka meno yakasagwa, na mluzi ukaanza, na meno yakasagwa tena. Akaona kwamba akiendelea hivi atasimama hapo mpaka jioni, na zahanati mbavu zile zitachoka. Alijionea aibu. Wakati huohuo alimwonea Lusajo uchungu mpya kabisa, kana kwamba yeye mama yake ndiye anayetaka kumtoa nje kwenye baridi kwa mikono yake.

"Nina tamko," alisema. 

"Mkuu wa kaya, tamka," sikio lilijibu, kwa ile sauti ya kike yenye heshima, na nyuma yake pumzi ikaendelea.

"Lusajo hakulala humu."

"Tangu lini?"

Hakuwa amelitarajia swali hilo, japo alijua liko katika taratibu. Hesabu inataka mwanzo.  Katika nyumba hii hajawahi kulitamka neno lenyewe. Msibani walilitamka wengine, na makaburini mchungaji, na Anyisile siku anahama alilipigia kelele kwenye barabara. Yeye alikuwa anasema tu Lusajo alipoumwa, na kuishia hapo.

"Tangu lini?" sikio liliuliza tena, bila kuchoka.

"Tangu alipokufa," Ikupa alisema. "Mwanangu amekufa. Alikufa mwaka ule wa mvua nyingi, siku ya Alhamisi, asubuhi, mikononi mwangu."

"Asante."

Pumzi haikukatwa. Iliachwa itoke yote mpaka mwisho, taratibu, kama mtoto yeyote anavyoitoa. Ila ya kuivuta haikuja. Ikupa alisimama akiingoja, kifua chake mwenyewe kimeshikilia, mpaka kichwa kikaanza kumzunguka na ikambidi avute yeye.

"Kaya haina mtu," sikio lilisema. "Maji na umeme vinafungwa."

"Mimi nipo."

"Hakuna aliyelala humu."

"Mimi ndiye mkuu wa kaya. Umeongea nami sasa hivi."

"Mkuu wa kaya hajalala humu," sikio lilisema kwa upole, na likataja tangu lini. Ilikuwa ni tangu Anyisile alipohama. Kwa miaka yote hiyo nyumba ilikuwa na mkazi mmoja, na huyo mkazi hakuwa yeye.

Taa ya sebuleni ilizimika. Jikoni bomba likakohoa na kunyamaza. Mlango wa mbele ukajifungua wenyewe, ukungu ukaingia ndani mpaka kwenye mkeka.

"Mgeni, tafadhali toka," sauti ilisema. "Nyumba inafungwa."

Woga ulimshika, woga hasa, wa mtu aliyejitazama kwenye kioo asijione. Alitaka kubishana. Badala yake aliinama, akavuta blanketi la kitanda kile kidogo, akalikunja chini ya kwapa na kutoka. Nyuma yake komeo likajifunga.

*

Alikimbia njia yote, jambo ambalo mwanamke wa umri wake halifanyi Mianzini bila watu kuuliza nani amefariki. Alipofika, Nesi Eusebia alikuwa wima mbele ya kioo chake. Alikuwa amekwisha kuona jina lililotoka. Alimtazama Ikupa mara moja. Akageukia benchi.

"Masele, kaya ya Nkwimba," aliita.

"Yupo," Nkwimba alijibu kutoka nyuma.

Nesi Eusebia alibaki na mkono hewani. Ilikuwa miaka hajasikia mtu akiitikia katika chumba kile, na kwa muda mfupi alisahau kinachofuata. Kisha alikumbuka, na kila kitu kikaenda mbio. Kinasa sauti cha mashine kikawekwa kwenye kifua cha mtoto, mashine ikamsikiliza, kabati likafunguka kwa mlio mdogo. Nesi alivunja kichupa cha dawa, akachoma sindano, akamvisha mtoto kibarakoa cha hewa kilichokuwa bado ndani ya plastiki yake.

Mtoto alimteleza Nkwimba mapajani, mrija ukayumba. "Mama, nishikie kidogo," alimwambia Ikupa. "Mikono imekufa ganzi. Tangu alfajiri sijamtua."

Ikupa alikaa kwenye benchi, akampokea mtoto, akamfunika blanketi. Alikuwa mzito kuliko alivyomdhania, na wa moto.

"Na wewe unao watoto?" Nkwimba aliuliza, akijikanda vidole.

"Nilikuwa naye mmoja."

Msichana alimwangalia, akatikisa kichwa, akasema pole mama.

Masele alipumua shingoni mwa Ikupa. Haikuwa pumzi nzuri. Ilikwaruza, ikasita, ikaja mbili kwa haraka, kisha moja ndefu yenye mkoromo, na hakuna iliyofanana na iliyotangulia. Ikupa alijikuta anatafuta mahali pa mluzi, anatafuta meno yatakaposagwa, na hayakuwepo. Ya Lusajo aliijua mpaka mwisho wake, ilikuja kila mara, haikuweza kutokuja. Hii iliweza. Alikuwa amesahau kabisa kwamba pumzi ya mtoto ndivyo ilivyo, na woga ulimjaa hadi alitaka kumrudisha mtoto kwa mama yake na kuondoka.

Hakumrudisha. Masele alitoa pumzi, akanyamaza, na kifua chake kikatulia chini ya mkono wa Ikupa. Akamkumbatia zaidi, akangoja.

Ikaja. Akaanza kuingoja nyingine.